Kila fani ya uuguzi yahitaji kiongozi wake

Msomaji, ukitembelea hospitali ya Msambweni au zahanati yoyote kuanzia Tiwi hadi Vanga, kila mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi utamwita "sista". Akiwa mwanamume, yamkini utamwita "daktari". Majina hayo ni ya heshima na hakuna ubaya kuyatumia. Ubaya ni kwamba yametuzoesha kudhani muuguzi ni muuguzi tu, na kwamba yule anayemdunga mtoto wako chanjo ndiye huyo huyo anayeweza kukesha na mgonjwa mahututi. Sivyo, na dhana hiyo inaweza kumgharimu mtu maisha yake.

Ni kweli kwamba wauguzi wetu wengi huanza pamoja. Katika vyuo vya mafunzo ya utabibu, kikiwemo kile cha Msambweni, mwanafunzi hufundishwa kuhudumia wagonjwa wa kawaida, kuzalisha, afya ya jamii na magonjwa ya akili. Mafunzo hayo ya jumla yana faida kubwa. Muuguzi aliye peke yake katika zahanati ya mashambani huko Kinango hawezi kusema kazi yake ni kuzalisha tu, ilhali mlangoni pana mtoto mwenye malaria na mzee mwenye kidonda. Lakini baada ya miaka kadhaa kazini, baadhi yao hurudi darasani kusomea stashahada ya juu katika fani moja: figo, wagonjwa mahututi, chumba cha upasuaji, watoto wachanga, macho, akili au saratani. Hao ndio ningependa tuwazungumzie leo.

Hebu tuchukue mifano. Mtu ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi hulazwa kando ya mashine ya kusafisha damu kwa saa nne hivi, mara mbili au tatu kwa juma. Kila mara, zaidi ya lita 100 za maji hupita ndani ya mashine hiyo, yakitenganishwa na damu yake kwa utando mwembamba tu. Maji hayo yasiposafishwa ipasavyo, mgonjwa anadhurika. Daktari hakai hapo saa zote nne. Anayekaa ni muuguzi. Yeye ndiye anayepima uzito wa mgonjwa, anayehesabu maji ya kutolewa mwilini, na anayetambua kwamba presha inashuka kabla mgonjwa hajazimia.

Ama mtazame mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 tumboni. Muuguzi wake hana budi kujua kumlisha kwa mpira maziwa yanayopimwa kwa mililita, kumkinga na baridi, na kumfundisha mama kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hii ya kumbeba kifuani ilianzia Bogotá, nchini Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa muda mrefu tulifundishwa kungoja hali ya mtoto itulie kwanza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa pendekezo jipya: aanze kubebwa mara tu baada ya kuzaliwa, isipokuwa kama hawezi kupumua mwenyewe au yumo katika mshtuko. Sasa, muuguzi aliyehitimu mwaka 2015 alifundishwa kungoja. Ni nani atakayemfikia huko aliko na kumwambia kwamba mambo yamebadilika?

Hapa Pwani Kusini tunazo hata kazi za uuguzi ambazo ni nadra kuzisikia zikitajwa kuwa fani. Mgonjwa wa matende hahitaji vidonge pekee. Anahitaji kufundishwa kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji, kuukausha hadi katikati ya vidole, kuuinua anapoketi, na kutibu kila mpasuko wa ngozi mapema. Anayemfundisha hayo ni muuguzi. Vijana wetu waliozama katika heroini nao hupewa dawa ya methadoni katika kliniki ya Kombani, nao huhitaji muuguzi anayezielewa dalili za mtu aliyezidisha dawa na pia aibu ya mtu aliyetengwa na jamaa zake.

Hoja yangu ni hii. Daktari wa kawaida kama mimi nikikwama na mgonjwa wa figo, nampigia simu daktari bingwa wa figo. Taaluma yetu imejipanga hivyo, na hakuna anayeona ajabu. Muuguzi wa figo akikwama, ampigie nani? Mkubwa wake ni msimamizi wa wauguzi wa hospitali, ambaye huenda ni mkunga hodari lakini hajawahi kuigusa mashine ile. Basi atamtafuta rafiki aliyesoma naye, au ataandika swali katika kundi la WhatsApp saa nane za usiku, akiomba Mungu aliye macho awe ndiye anayejua.

Aidha, asiye na wa kumsemea huhamishwa ovyo. Si jambo geni katika hospitali zetu kumkuta muuguzi aliyesomea wagonjwa mahututi akipangiwa zamu katika wodi ya kawaida kwa sababu kuna pengo huko. Msimamizi anayepanga zamu simlaumu. Ana wauguzi wachache na wodi nyingi. Lakini anapolijaza pengo lile, mgonjwa aliyewekewa mashine ya kupumulia hubaki mikononi mwa mtu asiyeizoea.

Tumekwisha kuona hasara ya kutanguliza vifaa na kusahau watu. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya kisasa na kuvipeleka katika hospitali mbili za kila kaunti: mashine za figo, vifaa vya wagonjwa mahututi, vya upasuaji na vya picha. Kamati ya Seneti ilipouchunguza mpango huo na kutoa ripoti yake mwaka 2020, mojawapo ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba vifaa vingine vilikaa bila kutumika, na sababu moja ilikuwa ukosefu wa wataalamu wa kuviendesha. Laiti kila fani ya uuguzi ingekuwa na msemaji wake aliyekaa mezani wakati wa kupanga, angeuliza mapema: mnaleta mashine, je, wauguzi wa kukaa nazo ni akina nani, na watafunzwa lini?

Huenda msomaji akauliza: kwani wauguzi hawana viongozi? Wanao, lakini ni vyema tutofautishe vyombo vitatu. Baraza la Wauguzi husajili, hutoa leseni na kulinda umma dhidi ya asiyehitimu. Chama cha wafanyakazi, KNUN, hupigania mishahara na mazingira ya kazi. Ndicho kilichoongoza mgomo wa mwaka 2017 uliodumu takriban miezi mitano. Cha tatu ni chama cha kitaaluma, NNAK, ambacho kazi yake ni kuuinua uuguzi wenyewe. Ndani ya chama hiki cha tatu kuna makundi ya fani, kama vile la wauguzi wa saratani. Huo ni mwanzo mwema na wanaojitolea kuyaendesha wanastahili shukrani. Hata hivyo, mtu anayeongoza fani nzima baada ya kutoka zamu ya saa kumi na mbili hawezi kumfikia mwenzake aliye Lunga Lunga.

Nchini Uingereza, chama cha kitaaluma cha wauguzi, Royal College of Nursing, kilichoanzishwa mwaka 1916, huajiri viongozi wa kitaaluma wa fani mbalimbali: huyu wa dharura, yule wa afya ya akili, mwingine wa watoto. Hao huandaa miongozo, hujibu maswali na huzungumza na serikali kwa niaba ya fani zao. Sisemi tuige kila kitu cha Wazungu. Hata kwetu, mwaka 1990 nchi za Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika ziliunda chombo chao cha pamoja cha wauguzi, ECSACON. Wazo la wauguzi kuongozwa na wauguzi si geni kwetu. Kilichobaki ni kulishusha hadi wodini.

Ningependekeza hivi. Chama cha kitaaluma kitambue kiongozi mmoja kwa kila fani, mtu aliyebobea na ambaye bado anagusa wagonjwa. Hatuhitaji mmoja kwa kila kaunti. Kaunti sita za Pwani zaweza kushirikiana, fani moja kiongozi mmoja, naye apewe na mwajiri wake walau siku moja kila juma kwa kazi hiyo. Majukumu yake yawe manne: kupatikana kwa simu wauguzi wa fani yake wanapokwama, kuwapelekea mafunzo na miongozo mipya, kuweka orodha ya walio na ujuzi huo na mahali walipo, na kuketi na wakuu wa afya wa kaunti wakati wa bajeti na uhamisho.

Najua kuna watakaopinga. Wa kwanza watasema hatuna hata wauguzi wa kawaida wa kutosha, tutawezaje kufikiria viongozi wa fani? Jibu langu ni kwamba uhaba ndio hasa sababu. Mwenye shilingi chache huzihesabu kwa makini kuliko tajiri. Ikiwa kaunti ina wauguzi wachache waliosomea watoto njiti, kuwapoteza katika wodi zisizohusika ni ubadhirifu.

Wengine watahofia kwamba tutazua matabaka, wa fani wakijiona bora kuliko sista wa zahanati. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kuitambua afya ya jamii kuwa fani kamili, yenye kiongozi wake na sauti sawa na ya figo au upasuaji. Sista wa zahanati anayegundua kifafa cha mimba mapema na kumpeleka mama Msambweni kwa wakati ni mtaalamu pia.

Wa tatu watauliza juu ya fedha. Simu, mkutano wa mara kwa mara na siku moja ya kazi si gharama ya kuitisha kaunti inayonunua magari. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, uamuzi huu umo mikononi mwa watu tuliowachagua wenyewe.

Hapo ndipo unapoingia wewe, msomaji, uwe unafanya kazi katika hoteli ya Diani, unauza samaki Gazi au unafundisha Kwale mjini. Kaunti inapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, wengi wetu huulizia majengo na ambulensi. Ni maswali mazuri. Lakini safari ijayo ongeza haya mawili: katika hospitali yetu ya rufaa kuna wauguzi wangapi wa figo, wa watoto wachanga na wa wagonjwa mahututi, na wangapi kati yao wanafanya kazi waliyosomea? Na siku ukilazwa, au ukimlaza mzazi wako, muulize sista kwa adabu yeye ni muuguzi wa fani gani, na akikwama usiku humuuliza nani. Ikiwa hana wa kumuuliza, jua kwamba nawe mgonjwa wake huna.