UCHAMBUZI: Land Rover ilivyohama mashambani na kujiunga na mabwanyenye

MWANZONI mwa Septemba 2025, viwanda vya kampuni ya Jaguar Land Rover nchini Uingereza vilizimwa ghafla. Wahalifu wa mtandaoni walikuwa wamepenya mitambo ya kompyuta ya kampuni hiyo, na kwa takriban wiki tano shughuli za kuunda magari zikakwama. Serikali ya Uingereza ililazimika kudhamini mkopo wa pauni bilioni 1.5, hasa kwa kuhofia kwamba kampuni ndogo ndogo zinazouzia viwanda hivyo vipuri zingefilisika.

Kwa wanaolikumbuka gari hilo lilivyokuwa, habari hizo zilikuwa na kinaya chake. Land Rover za kwanza hazikuwa na chochote cha kudukuliwa. Betri ilipokufa, dereva alitoa hendeli ya chuma, akaichomeka mbele ya injini, akaizungusha kwa nguvu za mkono na safari ikaendelea.

Safari ya kutoka kwenye hendeli hiyo hadi kwenye kompyuta zilizodukuliwa inaeleza kwa nini gari lililokuwa likionekana katika kila boma la serikali nchini Kenya sasa huonekana zaidi kwenye maegesho ya mitaa ya kifahari.

Chanzo chake kilikuwa uhaba. Mnamo 1947, Maurice Wilks, mkuu wa wahandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales. Kazi za shambani alizifanya kwa gari aina ya Jeep lililosalia baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Tatizo lilikuwa kwamba Jeep hiyo ikichakaa, hakukuwa na gari jingine la kuchukua nafasi yake ila Jeep nyingine, tena ya Kimarekani.

Wilks na nduguye Spencer, aliyekuwa mkurugenzi wa Rover, waliamua kuunda la kwao. Chuma cha pua na cha kawaida kiligawiwa kwa kipimo Uingereza wakati huo, lakini alumini ilikuwapo kwa wingi kutokana na viwanda vya ndege za kivita. Ndiyo sababu mwili wa gari hilo ukaundwa kwa aloi ya alumini. Hata rangi ya kijani iliyopakwa magari ya kwanza ilikuwa masalio ya rangi za ndege za jeshi. Mabati yake yalikuwa bapa na yenye pembe kwa kuwa hapakuwa na fedha wala muda wa kutengeneza mitambo ya kuyapinda.

Gari hilo lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Aprili 30, 1948, katika maonyesho ya magari ya Amsterdam. Wakuu wa Rover walidhani lingewasukumia miaka michache tu, soko la magari ya kifahari lirejee. Badala yake, mwana huyo wa kambo ndiye aliyewalisha wazazi. Kufikia 1976, Land Rover milioni moja zilikuwa zimeundwa.

Sehemu kubwa ya magari hayo ilivuka bahari na kuingia katika makoloni. Humu nchini, vikosi vya Uingereza na polisi wa kikoloni walizitumia wakati wa Hali ya Hatari, kati ya 1952 na 1960, na kwa wazee wengi wa Mlima Kenya muungurumo wa Land Rover haukuwa habari njema. Uhuru ulipopatikana bendera ilibadilika, lakini gari halikubadilika. Mkuu wa wilaya alilirithi, pamoja na polisi, mabwana mifugo, wamishonari na askari wa wanyamapori. Kijijini, likitokea kwa mbali likifuatwa na vumbi, lilimaanisha jambo moja: serikali imefika.

George Adamson, aliyelea simba katika mbuga ya Kora, alikuwa ndani ya Land Rover yake alipouawa na majangili Agosti 20, 1989. Alikuwa akiwaendea moja kwa moja kumwokoa mgeni wake.

Kwa miaka kadhaa magari hayo yaliunganishwa papa hapa. Kiwanda cha Leyland Kenya, kilichoanzishwa Thika mnamo 1974 kwa ubia wa serikali na wafanyabiashara wa magari, ndicho kilichokuja kuitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Land Rover zilikuwa miongoni mwa kazi zake. Kulikuwa basi na vijana wa Kenya waliolijua gari hilo boliti kwa boliti, na wengi wa mafundi wa baadaye waliupata ujuzi wao kutoka kwa watu hao au kutoka karakana za serikali.

Ukiwauliza wenye Land Rover nzee sababu ya mapenzi yao, jibu huanza kwa malalamiko. Usukani ni mzito. Mvua ikinyesha, maji hupenyeza paani na milangoni. Kiti kimebanwa na mlango kiasi kwamba kiwiko cha dereva hakina budi kutolewa dirishani. Joto la injini huchoma miguu, na mlima ukiwa mkali malori hulipita. Oili nayo huvuja daima, na kuna mzaha unaojulikana na kila mmiliki kwamba usipoona tone la oili chini ya gari, ujue ndani imekwisha.

Alumini haishiki kutu, na hilo limewapotosha wanunuzi wengi. Chesisi ni ya chuma, na chuma huoza. Pale alumini na chuma vinapokutana, hasa katika hewa ya chumvi ya Pwani, alumini yenyewe huliwa polepole na kugeuka ungaunga mweupe. Mnunuzi mwerevu haangalii rangi. Hulala chini ya gari na nyundo ndogo akaigonga chesisi kutoka mwanzo hadi mwisho, akisikiliza mlio.

Hata hivyo, sifa iliyofunika kasoro zote hizo ni kwamba gari hilo lilitengenezeka. Bawa la mbele likigongwa, hufunguliwa boliti na kuwekwa jingine. Mlango wa gari la miaka ya 1960 unaweza kutoshea la miaka ya 1970. Springi ikikatika, fundi wa kijijini mwenye makaa na fuawe anaweza kuchonga bamba jingine. Fundi wa jua kali hakuhitaji cheti wala ruhusa ya mtu wa Ulaya. Katika nchi ambayo karakana iliyo karibu huenda ikawa umbali wa kilomita 200, sifa hiyo ilikuwa na thamani kuliko kasi au starehe.

Mbona basi Wajapani wakalipiga kumbo?

Jibu lililozoeleka ni kwamba Toyota ilikuja na gari bora. Hilo ni kweli nusu. Toyota ilianza kuunda gari la aina hiyo mnamo 1951, na jina Land Cruiser likafuata mnamo 1954. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya ujenzi ya Thiess ilizipeleka Land Cruiser katika mradi mkubwa wa umeme wa maji kwenye milima ya Snowy, Australia, eneo lililokuwa ngome ya Land Rover. Injini zake zilikuwa na nguvu zaidi. Land Rover za wakati huo zilikuwa na udhaifu uliojulikana na kila dereva: vyuma vinavyopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu ya nyuma vilikatika vilipolemewa. Waaustralia wakatunga mzaha kwamba mtu akitaka kwenda nyikani apande Land Rover, na akitaka kurudi apande Land Cruiser.

Nusu ya pili ya jibu iko Uingereza kwenyewe. Rover ilimezwa na Leyland mnamo 1967, na mwaka uliofuata likazaliwa shirika kubwa la British Leyland, ambalo lilielemewa na migomo na madeni hadi likatwaliwa na serikali mnamo 1975. Fedha zilizoletwa na Land Rover zilitumiwa kuziba mashimo ya magari mengine yasiyouzika. Wateja wa Afrika walisubiri magari kwa muda mrefu, na vipuri navyo vikachelewa. Toyota iliukuta mlango uko wazi. Kampuni iliyokuwa na wateja waaminifu kote Afrika iliwaacha wasubiri, nao wakachoka.

Waingereza walipozinduka na kuleta Land Rover 110 mnamo 1983, yenye springi za koili na safari tulivu zaidi, gari lilikuwa zuri lakini wateja wengi walikuwa wamekwenda. Jina Defender lilianza kutumika mnamo 1990. Injini za dizeli zilizofuata, hasa ile ya 300Tdi ya mwaka wa 1994, bado husakwa sana na madereva wa safari ndefu kwa kuwa haitegemei kompyuta. Ile ya Td5 iliyoirithi mnamo 1998 ilikuja na kisanduku cha elektroniki, na hapo ndipo fundi wa jua kali alipoanza kukuna kichwa.

Wenyewe nao walibadilika kama wapangaji. British Aerospace iliinunua mnamo 1988, BMW ya Ujerumani mnamo 1994, Ford ya Marekani mnamo 2000, na hatimaye Tata Motors ya India mnamo 2008. Koloni la zamani likawa mmiliki wa gari lililobeba watawala wake.

Defender ya mwisho ya muundo wa zamani ilitoka Solihull Januari 29, 2016, baada ya takriban magari milioni mbili tangu 1948. Kanuni za Ulaya kuhusu moshi na usalama zilikuwa zimeliacha nyuma. Defender mpya ilizinduliwa mnamo 2019 na huundwa Nitra, Slovakia. Haina chesisi ya kale, na hujazwa kompyuta kila upande. Wanaoiendesha husema ina nguvu na starehe, na hakuna sababu ya kuwabishia. Bei yake, hata hivyo, ni mamilioni mengi ya shilingi, na mkulima wa Anglesey hangeinunua kwa ajili ya kubebea majani ya ng'ombe.

Kampuni yenyewe inaujua utamu wa ukale. Mnamo 2018 ilichukua Defender 150 zilizotumika, ikazitia injini kubwa ya V8 na kuziuza kuanzia pauni 150,000 kila moja. Bilionea Jim Ratcliffe naye alikosa kuuziwa mitambo ya gari la zamani, akaunda la kwake linalofanana nalo, Grenadier, nchini Ufaransa. Hilo nalo si la maskini.

Nchini Kenya pengo lilijazwa zamani. Serikali ilipoanza mpango wa kukodi magari ya polisi mnamo 2013, Land Cruiser zilikuwa miongoni mwa yale yaliyofikishwa vituoni. Aina ya 70, iliyoanza kuundwa mnamo 1984, ingali inaundwa, na pikapu zake huunganishwa Mombasa. Toyota imefanya jambo ambalo Land Rover ililiacha: kuendelea kumuuzia mtu wa nyikani gari la nyikani. Lami nayo imechangia. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, iliyokuwa ikivunja magari na viuno vya abiria, sasa hupitiwa na magari madogo. Na pale ambapo lami haijafika, mara nyingi utaikuta Probox, gari la mizigo midogo ambalo halikuundwa kwa kazi hiyo, ikiwa imejaza watu, mbuzi na magunia.

Wanaomiliki Defender za zamani sasa wanakabiliwa na jambo jingine. Kanuni za Shirika la Kukagua Ubora wa Bidhaa (KEBS) haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka minane. Kwa kuwa uundaji ulikoma mwanzoni mwa 2016, mlango huo umefungika. Zilizopo nchini ndizo hizo hizo, na kila inayopinduka au kuoza hupunguza hesabu.

Tanzania huyatoza magari makuukuu ushuru wa ziada bila kuyapiga marufuku kwa kanuni kama hiyo, na Land Rover za miongo iliyopita zingali zikifanya kazi katika nyika za kaskazini. Oktoba 2024, mamia ya magari hayo yalikusanyika Arusha kwa msafara uliolenga kuipiku rekodi ya dunia iliyowekwa Ujerumani mnamo 2018.

Upande huu wa mpaka, wamiliki huzunguka maduka ya vipuri ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, au huagiza Uingereza, ambako zingali zikitengenezwa sehemu nyingi za magari ya tangu 1948. Bei hupanda shilingi inapodhoofika. Wasiomudu hununua gari bovu, wakalilaza nyuma ya nyumba na kulichomoa kipande baada ya kipande ili jingine litembee: leo giaboksi, kesho mlango, mwezi ujao ekseli.