Walimu, maliasili ipo hata Baba Dogo

Mwulize mwanafunzi yeyote wa Eastlands akutajie maliasili ya Kenya, na majibu yake hayatakawia. Atakutajia wanyama wa Maasai Mara, magadi ya Ziwa Magadi, samaki wa Ziwa Victoria, mvuke wa Olkaria na misitu ya Mlima Kenya. Mtahini atampa alama zake zote, na ni haki yake kuzipata. Lakini mwulize tena kuhusu maliasili ya Baba Dogo, mtaa anamoishi, nawe utamwona akiduwaa. Aghalabu atakujibu kwamba Baba Dogo hakuna maliasili. Kuna viwanda, nyumba za kupanga na moshi.

Jibu hilo si sahihi, na wala lawama haimwendei mwanafunzi. Inauendea ufundishaji unaomwonyesha mtoto kwamba maumbile ni kitu cha kwenda kutazama kwa basi mara moja kwa mwaka, si kitu anachokikanyaga kila asubuhi akienda shuleni. Na ufundishaji huo una hasara kubwa kuliko ile ya alama za mtihani.

Tuliangalie neno lenyewe. Maliasili limeundwa kwa maneno mawili yaliyotujia kutoka Kiarabu: mali na asili. Ni mali iliyokuwapo tangu asili, kabla mkono wa binadamu haujaigusa. Hakuna popote katika neno hilo panapodai kwamba mali hiyo sharti iwe ndani ya mbuga yenye lango na ada ya kuingilia.

Tuanze basi na kilicho chini ya miguu yetu. Jiji la Nairobi limeketi juu ya mawe yaliyotokana na volkano zilizolipuka miaka milioni kadhaa iliyopita, wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka upande wa magharibi. Lava ilitiririka ikaganda. Majivu yalianguka yakashikamana, tabaka juu ya tabaka. Majivu hayo yaliyogeuka jiwe ndiyo yanayochongwa kwa nyundo na patasi katika machimbo ya mashariki mwa jiji, na ndiyo yaliyosimamisha kuta nyingi ambamo wanafunzi wetu huambiwa kwamba kwao hakuna maliasili. Miongoni mwa lava hizo imo iitwayo fonolaiti, jina lililotoka katika maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya sauti na jiwe, kwa kuwa bamba lake likigongwa hulia. Mwalimu wa sayansi na mwalimu wa lugha wanaweza kulishika jiwe hilo moja na kila mmoja akapata somo zima.

Juu ya mawe upo udongo, nao una historia yake. Magharibi mwa Nairobi udongo ni mwekundu, hupitisha maji na huotesha kila kitu. Huku mashariki ni mweusi. Ukinyeshewa huvimba na kunata, ukikauka hupasuka nyufa za kutosha kuingiza mkono. Ajengaye Eastlands hulazimika kuufukua hadi alifikie jiwe. Serikali ya kikoloni iliyajua haya vizuri. Iliwatengea Wazungu miinuko yenye udongo mwekundu na miti, ikawaelekeza Waafrika kwenye uwanda wa udongo mweusi. Mwanafunzi anayeielewa tofauti ya udongo huu wa aina mbili ameelewa pia sura nzima ya historia ya jiji lake.

Mimi ni mtu wa isimu, na kinachonivutia zaidi ni kwamba wenyeji wa zamani walikwisha kuyaandika haya katika majina. Nairobi ni neno la Kimaasai linalotaja ubaridi wa maji. Mathare, kwa Kikuyu, ni wingi wa jina la mti wa jamii ya drasena, wenye majani marefu kama panga. Ngomongo, kijiji jirani cha Baba Dogo, ni jina la mawe makubwa, na anayeijua lugha hiyo husikia katika jina la Ngunyumu maneno mawili: kuni kavu. Maji baridi, miti, mawe na kuni: hiyo ni orodha kamili ya maliasili, nayo imebandikwa kwenye vibao vya barabara na milango ya matatu. Tunaisoma kila siku bila kuielewa.

Upo pia mto. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, hupita katikati ya jiji, kisha hupenya kati ya Korogocho na Dandora, mwendo mfupi kutoka Baba Dogo. Huko mbele huingia katika Athi; Athi nayo hushuka nyanda za chini ikaitwa Galana, neno la Kioromo la maji makubwa, na mwishowe huitwa Sabaki, ukamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kati ya Malindi na Mambrui. Maji ni yayo hayo. Yanabadilishwa majina tu na watu wanaoyategemea. Kinachomwagwa na kiwanda usiku huku kwetu kinasafiri kuelekea kwa mkulima na mvuvi ambaye hatujawahi kumwona.

Mtasema kwamba mto huo umekufa, na kwamba ni dhihaka kuzungumzia maumbile kando ya jaa la Dandora. Naijua hoja hiyo, na uzito wake naukubali. Mwaka wa 2007, utafiti uliodhaminiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yapo Gigiri, kilomita chache tu kutoka hapa, uliwapima watoto 328 wa maeneo ya jaa hilo. Takriban nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika. Lakini hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Mtoto wa Eastlands analijua neno risasi. Analijua kama kitu kitokacho katika bunduki. Ni nani amemweleza kwamba risasi ni madini ya ardhini, kwamba hupatikana katika betri kuukuu na rangi za zamani, na kwamba huingia mwilini kwa vumbi na mikono michafu, ikadhoofisha akili polepole? Neno ni la Kiswahili na mtoto analo tayari. Kilichokosekana ni somo.

Vivyo hivyo kwa mimea. Kando ya vijito na nyuma ya kuta za viwanda huota mbarika, ambao mbegu zake zenye madoa huvutia mkono wa mtoto nazo zina sumu kali. Huota mnanaha, ambao pia ni sumu. Na katika kingo zizo hizo huota mboga. Chukua mgagani, mboga iliyojaa katika masoko yetu. Mjaluo huiita dek, Mkisii huiita chinsaga, Mluhya tsisaga, Mkikuyu thageti. Mwanaisimu akiyasikia majina hayo matatu ya mwisho hushuku kwamba neno moja limesafiri kutoka kabila hadi kabila pamoja na mbegu yake. Ni wapi pengine mwanafunzi atazisikia lugha hizo zote zikitaja jani moja katika kichochoro kimoja? Baba Dogo ni mtaa wa makabila mengi, na kila bibi aliyehamia hapa alikuja na maarifa yake ya mitishamba na mboga. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali iyalinde maarifa ya kiasili kuhusu bioanuwai. Maarifa hayo hayamo makumbushoni pekee; mengi yamo vichwani mwa wazee waliokaa milangoni jioni, nao wanaondoka mmoja mmoja.

Hoja ya pili ninayoitarajia ni kwamba sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 sera imekuwa kwamba madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na panapokutana makabila mengi lugha hiyo iwe Kiswahili. Baba Dogo haina lugha nyingine ya eneo. Pamoja na hayo, ni shule nyingi zinazomvalisha mtoto Kiingereza siku ya kwanza, matokeo yake akajifunza jina la ua la Ulaya asiloliona maishani na asijue kumwita kongoti, yule ndege mkubwa mwenye upara anayezunguka juu ya jaa kila adhuhuri. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mtoto aliyeyafahamu mazingira yake kwa Kiswahili hatashindwa kuongeza jina la Kiingereza, na hata lile la Kilatini. Asiye na jina la kwanza hana pa kulipachika la pili.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya kamusi tu. Mwezi Mei 2024, baada ya mafuriko yaliyoua watu Mathare na kwingineko nchini, Serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito wahame, na matingatinga yakafuata. Siwalaumu wakazi, maana wengi wao hawakuwa na pengine pa kwenda wala pesa za kuendea. Ninachouliza ni hiki: ni wangapi waliwahi kuelezwa, kwa lugha waielewayo, kwamba uwanda ulio kando ya mto ni sehemu ya mto wenyewe, na kwamba mto huja kuudai kila mvua kubwa inaponyesha? Sheria iliwafikia kwa istilahi ya Kiingereza ambayo wengi waliisikia kwa mara ya kwanza siku nyumba zao zilipobomolewa.

Basi nini kifanyike? Mtaala wa umilisi, ulioenezwa nchini kuanzia 2019, unamtaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kutoka katika mazingira yake. Mwalimu na autumie mwanya huo. Kila shule ya mtaa huu iwe na daftari kubwa la maumbile: mawe, udongo, mimea, ndege na wadudu wanaoonekana karibu nayo, kila kimoja kwa jina la Kiswahili, majina ya lugha za nyumbani na jina la kitaalamu, pamoja na maelezo ya faida na hatari yake. Wanafunzi wawaulize wazazi na nyanya zao, mwalimu asahihishe. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaohangaika kutafuta mada za tasnifu waje kuyakusanya majina hayo kabla hayajapotea. Wakitaka mfano wa karibu, wavuke hadi Korogocho, ambako vijana wa Komb Green Solutions wameugeuza ukingo wa mto uliokuwa umejaa taka kuwa bustani. Hawakungoja kuambiwa kwamba pale pana maliasili.

Katika jamii zetu nyingi, baba mdogo ndiye anayetarajiwa kumshikia yatima urithi hadi atakapokuwa mtu mzima. Mtaa wetu umepewa jina linalokaribia kabisa la jamaa huyo, na wajibu ndio huo huo. Jiwe, mto, mgagani na majina yake ni urithi wa watoto wa Baba Dogo, na walio karibu zaidi kuwashikia ni walimu wao. Kazi hiyo yaweza kuanza muhula huu, kwa daftari moja na kalamu.