Kimeng'enya si Mmeng'enyaji Tu: Rai kwa Walimu Watarajiwa wa Nachingwea na Ruangwa

Mwalimu anapoandika neno "vimeng'enya" ubaoni, aghalabu hufuata jambo moja: wanafunzi hunakili maana yake, huikariri, na baada ya mtihani huisahau. Maana hiyo husema kwamba vimeng'enya ni vitu vinavyosaidia kusaga chakula tumboni. Si uongo. Lakini ni sehemu ndogo ya ukweli, na ni rai yangu kwamba sehemu inayoachwa ndiyo inayogusa uhai wa watu katika vijiji mtakavyopangiwa kufundisha.

Tuanze na jina lenyewe. Neno hili limetokana na kumeng'enya. Ni neno zuri, ila lina mtego, kwa kuwa humfanya mtoto aamini kwamba kazi ya kimeng'enya ni kuvunja tu, tena tumboni tu. Kwa kweli vimeng'enya karibu vyote ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya kila kiumbe hai. Vingine huvunja, vingine hujenga, na vingine hutoa ishara ya kuanza au kusimamisha kazi. Bakteria hana tumbo, lakini anavyo vimeng'enya mamia kwa mamia, na bila hivyo hawezi kula wala kuzaliana.

Je, jambo hili litafundishwaje katika darasa lisilo na maabara? Jibu liko jikoni. Pika uji mzito, uache upoe hadi uwe vuguvugu, kisha tia kimea cha mtama au ulezi kama watengenezavyo togwa. Baada ya muda mfupi uji huwa mwepesi na huanza kuwa mtamu, kwa sababu vimeng'enya vya kimea vimevunja wanga kuwa sukari. Katika chungu cha pili, tia kimea kilichokwisha kuchemshwa. Uji utabaki mzito. Mama zetu wanajua tangu zamani kwamba kimea hakitiwi katika uji unaotokota. Kazi ya mwalimu ni kueleza sababu yake, yaani joto kali huharibu umbo la kimeng'enya, na kimeng'enya kilichoharibika umbo hakifanyi kazi. Mtoto aliyeona vyungu viwili hivyo amekwisha kujifunza kwamba kimeng'enya kinaweza kuzuiwa. Hapo ndipo mlango wa somo la pili unapofunguka.

Somo la pili ni mgawanyiko wa bakteria. Bakteria hagawanyiki ovyo. Kwanza vimeng'enya hufungua nyuzi za DNA na kuzinakili, ili kila mtoto apate urithi wake. Kisha protini iitwayo FtsZ, ambayo nayo ni kimeng'enya, hujipanga kama pete katikati ya seli. Hapo wajenzi huweka ukuta mpya, na wakataji hutenganisha seli mbili. Wakataji wakitangulia kabla wajenzi hawajamaliza, seli hupasuka. Kwa hiyo panahitajika wasimamizi. Katika bakteria wa kifua kikuu, vimeng'enya viitwavyo PknA na PknB hupachika fosfeti kwenye protini nyingine ili kuamuru kazi iende au isimame, na kingine kiitwacho PstP huiondoa fosfeti hiyo. Ni kama ujenzi wa nyumba: wapo wanaopandisha ukuta, wapo wanaokata mlango, na yupo msimamizi anayepanga zamu.

Dawa nyingi hufanya kazi kwa kuvuruga ujenzi huo. Penisilini hukamata vimeng'enya vinavyounganisha ukuta wa bakteria. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huzuia kimeng'enya kinachohitajika katika kutengeneza utando wa nta unaomfunika bakteria huyo. Jambo la ajabu ni kwamba isoniazidi huingia ikiwa haina nguvu, na huamshwa na kimeng'enya cha bakteria mwenyewe. Akizaliwa bakteria ambaye kimeng'enya hicho kimeharibika, dawa hailali wala haiamki kwake. Naye huwa sugu.

Sasa chukua punje za karanga, mwambie mtoto azipange: 1, 2, 4, 8. Baada ya kuzidisha mara 10 atafika 1,024, na karanga zitakuwa zimekwisha mfukoni. Kisha mweleze kwamba baadhi ya bakteria wa tumboni, wakipata mazingira mazuri, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, lakini wa kifua kikuu huchukua saa 20 hivi. Mmoja anapogawanyika mara moja, mwingine anaweza kugawanyika mara 60. Zaidi ya hayo, baadhi ya bakteria wa kifua kikuu hukaa kama waliolala, hawajengi ukuta, na dawa inayoshambulia ujenzi huwapata kwa shida. Ndiyo sababu tiba ya kawaida huchukua miezi 6, ingawa mgonjwa hujisikia nafuu baada ya majuma machache tu.

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yangu. Taifa letu lilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977, na kazi iliyofanyika nchini pamoja na Dakta Karel Styblo ikawa mfano kwa nchi nyingine. Dawa hutolewa bure. Lakini mgonjwa anayeona nafuu na kuacha dawa huwapa nafasi wale waliolala. Amri ya "maliza dozi" ameisikia. Sababu yake hajaelezwa. Mtoto wa darasa la sita aliyepanga karanga anaweza kumweleza babu yake sababu hiyo kwa lugha ya nyumbani.

Wako walimu watakaosema kwamba mambo haya ni mazito kwa shule ya msingi. Nakubali kwamba majina kama PknB si ya mtoto. Ni ya mwalimu, ili ajue anachokisema. La mtoto ni wazo: kuna wajenzi, kuna wakataji, kuna wasimamizi, na dawa huwazuia kazi. Wazo hilo si zito kuliko togwa.

Watu wa Nachingwea wanaukumbuka Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Mitambo ilikuwapo, fedha zilikuwapo. Lakini mipango ilibuniwa mbali, na ardhi na mvua za hapa hazikuchunguzwa vya kutosha. Somo linalotoka kitabuni moja kwa moja hadi daftarini, bila kupita katika chungu, shamba na zahanati ya kijiji, lina kasoro ile ile. Basi, mwanachuo, utakapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, iwe Nachingwea au Ruangwa, usianze na maana ya kukariri. Anza na uji.