Maji ya Ruvu yanaanzia shambani kwako: nani akulipe?

Kila masika yakikaribia, swali hili hurudi kwenye ujumbe mfupi mnaotuma studio: "Tunaambiwa tuache kulima kando ya mto ili Dar es Salaam wapate maji. Sisi wa mlimani tunapata nini?" Ni swali la haki. Leo tulitazame taratibu.

Mto mmoja, watu wawili

Mto Ruvu unaanzia milima ya Uluguru. Kule chini, mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini imejengwa kuzalisha jumla ya lita milioni 466 za maji kwa siku. Maji hayo yanakwenda majumbani, hotelini na viwandani. Mwishoni mwa mwaka 2022 mto ulipopungua, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao.

Ukilima mteremko bila makinga maji, mvua inashusha udongo mtoni. Shamba lako linachoka, na kule chini gharama ya kusafisha tope inapanda. Kwa hiyo jembe lako linagusa biashara ya mtu usiyemjua. Lakini makinga maji yanakula siku za kazi na sehemu ya shamba. Ukipanda karafuu kushika udongo, utasubiri miaka kabla ya kuvuna. Watoto hawali kusubiri.

Amri ilishindwa

Wazee wanakumbuka. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito na faida hawakuiona. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu akauawa, na amri ile haikudumu.

Hiari nayo ikafika mwisho

Miaka hamsini baadaye ilijaribiwa njia nyingine. Mashirika ya CARE na WWF yaliwakutanisha wakulima wa Kibungo Juu na watumiaji wakubwa wa maji: DAWASCO, ambayo sasa imeunganishwa na DAWASA, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza. Mkulima aliyechimba matuta au kupanda miti alipimiwa eneo lake, akalipwa kwa kazi hiyo.

Mpango ule ulionyesha kwamba mkulima akilipwa, huchimba bila kusukumwa, na kwamba kampuni inaweza kukubali kuwa maji yana mlinzi. Udhaifu wake ni kuwa makubaliano yalikuwa ya hiari, na fedha nyingi za kuendesha shughuli zilitoka kwa wafadhili. Ulikuwa mradi, na mradi una tarehe ya kufungwa.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka mtumiaji mkubwa awe na kibali na alipe ada kwa bodi ya bonde. Kwetu ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, yenye ofisi Morogoro mjini. Ada hiyo inalipwa kwa bodi. Si malipo ya moja kwa moja kwa aliyechimba makinga maji.

Tazama upande wa madini. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, mwenye leseni ya madini anatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa kuchangia jamii inayomzunguka, na kukubaliana na halmashauri. Hasubiri moyo wake umtume. Kama serikali imeweza kwa dhahabu, kwa nini isiweke sharti la namna hiyo kwenye kibali cha maji?

Wenye viwanda watasema tayari wanalipa ada na kodi, na gharama ikiongezeka itamfikia mnunuzi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini si lazima iwe tozo mpya. Sehemu ya ada inayolipwa sasa inaweza kutengwa kwa vijiji vya mlimani. Serikali yenyewe inajenga bwawa la Kidunda, Morogoro Vijijini, kwa zaidi ya shilingi bilioni 300. Udongo wa Uluguru ukiachwa ushuke, utalala humo humo. Kumlipa mkulima ni kulinda fedha hizo.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, sheria hiyo ya 2009 inatambua jumuiya za watumia maji. Kama kijiji chenu hakina, mwambieni mwenyekiti aliweke jambo hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha muulize ofisi ya bonde namna ya kusajili.

Pili, wekeni kumbukumbu. Andikeni nani amechimba makinga maji, ekari ngapi, lini. Kibungo Juu malipo yalifuata vipimo. Siku fedha zikipatikana, mwenye daftari atasikilizwa kabla ya mwenye malalamiko.

Tatu, muulizeni diwani: ada ya maji ya mto wetu inarudi mlimani kwa njia gani? Jibu atakalowapa tutumieni hapa studio, tutalisoma hewani.