Kozi Ikifutwa, Wanafunzi Wasitupwe

Chuo kina haki ya kuacha kufundisha taaluma fulani. Mahitaji ya Taifa hubadilika, na si busara kuendelea kutumia fedha za wananchi kwa kozi isiyofaa. Lakini kuna kuwazuia wanaokuja, na kuna kuwatoa waliokwisha ingia. Mambo hayo mawili hayalingani hata kidogo.

Hapa Dodoma tunao mfano usiofaa kusahauliwa. Mwaka 2014 Serikali ilianzisha katika Chuo Kikuu cha Dodoma stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati, kwa vijana waliomaliza kidato cha nne. Shabaha ilikuwa njema, maana shule zetu zilikuwa na upungufu mkubwa wa walimu wa masomo hayo. Mwishoni mwa Mei 2016 vijana zaidi ya 7,000 waliagizwa waondoke chuoni kwa muda mfupi mno. Sababu iliyotolewa ni kwamba wahadhiri walikuwa wameacha kuwafundisha. Baadaye mwaka huo huo sifa zao zilihakikiwa. Wengi wa walioonekana wanazo walipelekwa katika vyuo vya ualimu vya Serikali, na wasio nazo waliachwa nje.

Hatupingi uhakiki. Mwalimu asiyejua hesabu hawezi kumfundisha mtoto hesabu, awe Kongwa, Bahi au Chamwino. Tunachosema ni kwamba sifa huhakikiwa siku ya kumpokea mwanafunzi, si baada ya kijana kukaa darasani na mzazi wake kuuza ng'ombe. Wala mgogoro wa wahadhiri haukuwa kosa la wanafunzi, ingawa ndio waliobebeshwa mzigo wake.

Watakuwapo wa kusema kwamba kozi yenyewe ilikuwa ya haraka haraka. Taifa letu limewahi kwenda mbio. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kuwa walimu huku wakifundisha vijijini, ili kila mtoto apate shule. Ubora wa mpango ule ulilalamikiwa, na malalamiko hayo yalikuwa na ukweli. Hata hivyo walimu wale hawakufukuzwa kwa mkupuo. Wengi walipewa nafasi ya kujiendeleza wakiwa kazini.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwa hiyo tunashauri kwamba kozi yoyote ya taaluma inayofutwa, kwanza isipokee wapya; pili, waliomo wafundishwe mpaka wamalize; tatu, anayelazimika kuhamishwa ajue aendako kabla hajafunga sanduku lake.

Mwanafunzi aliyepokewa ni amana. Amana haitupwi njiani. Hurudishwa kwa aliyeitoa, ikiwa salama.