Kasi ya uwanjani, hatari ya barabarani: Bastola na mfanyabiashara wa mpakani

Mfanyabiashara anayetoka Arusha kwenda Namanga kufuata mzigo, au anayerudi kutoka Busia baada ya kuuza dagaa, hubeba vitu viwili vinavyowavutia majambazi: fedha taslimu na ratiba inayojulikana. Siku za soko hazibadiliki, basi huondoka saa ile ile, na gesti anayolala ni ile ile. Ndiyo maana wapo wanaofikiria kuomba kibali cha bastola, na wapo ambao tayari wanacho. Swali linalofuata ni la mafunzo. Ukishaipata silaha, ujifunze kuitumia wapi, na ujifunze nini hasa?

Jibu la karibu kwa wengi ni klabu ya kulenga shabaha. Kenya ina wapenzi wengi wa mashindano ya bastola, na uwanja wa Kirigiti, Kiambu, umekuwa moja ya vituo vya mchezo huo. Upande wa pili wapo wakufunzi wanaouza kozi za kujilinda, wakidai kwamba klabu hufundisha mchezo tu na kwamba anayeutegemea ataumbuka siku ya siku. Watu wa klabu nao hujibu kwamba kozi nyingi za "uhalisia" ni maigizo ya siku mbili yasiyo na kipimo.

Pande zote mbili zina hoja. Lakini kwa mtu anayevuka mpaka, ubishi huo unaliacha nje jambo kubwa zaidi. Bastola ni suala la uamuzi kwanza, kasi baadaye. Tena kibali chake huishia kwenye geti la mpaka.

Mchezo uliozaliwa na kujilinda

Mashindano haya hayakuanza kama burudani. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, IPSC, liliundwa Mei 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza akawa Jeff Cooper, askari wa zamani wa kikosi cha Marine. Nia ilikuwa kupima kama mtu anaweza kutumia bastola kujiokoa. Badala ya kusimama mahali pamoja na kulenga duara kwa utulivu, mshindani hutembea, hupita milangoni, hupiga shabaha za kadibodi na za chuma, na hubadilisha magazini huku saa ikihesabu. Alama alizopata hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Kaulimbiu ya mchezo ni maneno matatu ya Kilatini yanayosimamia usahihi, nguvu na kasi.

Kilichofuata mfanyabiashara wa mazao atakielewa haraka. Ukinunua kwa gunia badala ya kilo, watu watashona gunia kubwa na utaletewa lumbesa. Ukipima ulinzi kwa sekunde, watu watatengeneza bastola ya kushinda sekunde. Katika daraja la wazi la IPSC silaha hufungwa vioo vya kulengea na vifaa vya kupunguza mrusho, na huchomolewa kutoka kwenye ala iliyo wazi kiunoni. Hatua ndefu ya mashindano inaweza kuhitaji hadi risasi 32. Hakuna muuza vitenge anayesafiri na chombo cha namna hiyo chini ya koti.

Mwaka 1996 kundi la Wamarekani, wakiwamo Bill Wilson na Ken Hackathorn, lilianzisha shirikisho jingine, IDPA, ili kuurudisha mchezo kwenye maisha ya kawaida. Bastola iwe ya kubebeka, ifichwe chini ya nguo, mshindani ajifiche nyuma ya kinga, na risasi zisizidi 18 kwa zoezi. Ilikuwa hatua nzuri. Hata hivyo, nayo ina saa, ina kitabu cha kanuni na ina vikombe, na washindani wake nao hujifunza kushinda kwa mujibu wa kitabu.

Uwanja unafundisha nini

Si haki kuudharau mchezo. Aliyezoea mashindano anajua mambo ambayo wamiliki wengi wa silaha hawayajui kwa vitendo. Mtutu hauelekezwi kwa mtu, kidole hakigusi kifyatuo mpaka shabaha iwe mbele ya macho, na silaha huchukuliwa kuwa na risasi hadi imehakikiwa. Risasi ikimtoka kwa bahati mbaya, au silaha ikimwanguka katikati ya zoezi, anatolewa mashindanoni siku hiyo hiyo. Adhabu hiyo hujenga tabia. Mtu ambaye bastola yake imelala kabatini tangu siku ya kibali ni hatari zaidi kwa familia yake kuliko kwa jambazi.

Kadhalika uwanja unamzoesha mtu kufanya kazi huku moyo ukienda mbio na watu wakimtazama. Mikono inayotetemeka kwa sababu ya saa na watazamaji itatetemeka zaidi mbele ya panga.

Lakini yapo mambo manne ambayo uwanja hauyafundishi. Kwanza, mshindani huruhusiwa kukagua eneo kabla ya zamu yake, akajua kila shabaha ilipo. Pili, yeye ndiye anayesubiri king'ora akiwa tayari, ilhali barabarani anayeamua muda wa kuanza ni jambazi. Tatu, kadibodi hairudishi risasi. La nne ndilo zito kuliko yote: bei ya kosa. Viwanjani huwekwa pia shabaha zinazowakilisha watu wasio na hatia. Ukimpiga mmoja katika IPSC unapoteza alama 10. Katika IDPA unaongezewa sekunde 5. Mshindani hodari anaweza kufidia hasara hiyo kwenye zoezi linalofuata na bado akapanda jukwaani. Ndani ya basi la abiria 60 hakuna zoezi linalofuata.

Takwimu kutoka kwa wenye mafunzo

Anayedhani kulenga vizuri kwenye karatasi kunatosha aangalie rekodi za polisi wa New York. Uchunguzi wa taasisi ya RAND uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba kati ya 1998 na 2006, askari waliporushiana risasi na washukiwa, wastani wa risasi 18 tu kati ya 100 ndizo zilizompata mlengwa. Mshukiwa asiporudisha risasi, wastani ulipanda hadi 30. Hawa ni askari walioajiriwa na kupewa mafunzo kwa kazi hiyo.

Risasi zilizobaki haziyeyuki hewani. Agosti 24, 2012, nje ya jengo la Empire State mjini humo, askari wawili walimkabili muuaji aliyewaelekezea bastola. Walifyatua risasi 16 na wakamuua. Wapita njia tisa walijeruhiwa, wote kwa risasi za askari au vipande vyake. Soko la mpakani siku ya mnada lina msongamano usiopungua wa mtaa ule.

Umbali nao una hesabu yake. Mwaka 1983 askari na mkufunzi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, takriban mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi, muda ambao askari aliyefunzwa huuhitaji kuchomoa bastola na kufyatua. Ikiwa silaha iko chini ya koti, na mwenye nayo amebanwa kwenye kiti cha dirishani, hesabu hiyo inamgeukia. Wizi mwingi barabarani huanzia karibu zaidi ya hapo, na wanaokuja huwa zaidi ya mmoja.

Funzo la Westgate

Wapenzi wa bastola nchini Kenya hupenda kutaja Westgate, na wana sababu. Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jengo hilo la maduka jijini Nairobi na kuua watu 67, raia wenye vibali vya silaha walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia. Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa. Alimfuata kaka yake aliyekuwa amekwama ndani.

Tukio hilo linastahili kusomwa lote. Kazi kubwa ya raia wale, wakishirikiana na polisi wachache, ilikuwa kuwatoa watu: kuziba njia, kuwaita waliojificha na kuwasindikiza nje. Waliokoa wengi kwa kujizuia kufyatua ovyo mahali palipojaa watu. Aidha, vikosi vya serikali vilipofika baadaye bila mawasiliano mazuri, askari wa jeshi na wa kikosi maalumu cha polisi walirushiana risasi, na kamanda wa kikosi hicho cha polisi akapoteza maisha. Ikiwa askari waliweza kutotambuana, raia aliyevaa shati la kawaida na kushika bastola ajiulize ataonekana vipi kwa polisi wanaofika wakiwa na hofu.

Mafunzo halisi ya kujilinda, basi, yanapaswa kuanzia huko. Mwanafunzi awekewe picha za watu, mmoja ameshika simu, mwingine bastola, na apimwe kwa wale ambao hakuwapiga. Afundishwe kutoa onyo kwa sauti, kukimbilia kwenye kinga, kutoa pochi na kuondoka, kufunga jeraha linalovuja damu, kupiga simu polisi na kuiweka silaha chini wanapofika. Kozi inayomfundisha mchuuzi kuvamia vyumba kama komando inamuuzia kazi isiyo yake. Askari huenda kulikabili tatizo. Msafiri anatakiwa aliache nyuma na afike nyumbani.

Kwa hiyo mkufunzi yeyote, wa klabu au wa kozi, aulizwe maswali matatu kabla ya kulipwa. Je, kuna zoezi ambalo jibu sahihi ni kutofyatua? Je, unafundisha sheria ya nchi hii kuhusu nguvu ya kadiri, na yanayotokea baada ya risasi kutoka? Je, nitarudi mara ngapi kwa mwaka kupimwa tena? Asiye na jibu la la kwanza hafundishi kujilinda, hata kama uwanja wake ni mzuri.

Kibali hakivuki mpaka

Hapa ndipo msomaji wetu anatofautiana na mkazi wa Nairobi au Kampala. Chini ya utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wa vitunguu usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani unaweza kuvuka kwa cheti kilichorahisishwa cha asili ya bidhaa. Bastola haina cheti cha namna hiyo. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaziweka silaha na risasi miongoni mwa bidhaa zinazozuiwa kuingizwa bila idhini maalumu. Itifaki ya Nairobi ya mwaka huo huo inazibana nchi kudhibiti silaha ndogo, wala haikuanzisha leseni moja ya ukanda.

Kila nchi ina sheria yake. Tanzania ina sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, Kenya ina sheria yake ya silaha na bodi ya leseni, na Uganda ina sheria yake ya 1970. Mwenye kibali halali cha Kenya akiingia Sirari na bastola kiunoni bila idhini ya Tanzania, kwa macho ya sheria ya Tanzania yeye ni mtu mwenye silaha isiyo na kibali. Vikombe vyake vya Kirigiti havitamsaidia mahakamani.

Maana yake ni kwamba bastola inamlinda mfanyabiashara wa mpakani katika nusu ya safari tu, tena ile nusu aliyo na ndugu, lugha na kituo cha polisi anachokijua. Nusu ya ugenini, yenye hatari zaidi, ataipita mikono mitupu au ataipita akivunja sheria. Aliyezoea kuitegemea silaha huenda akawa ameacha kujizoeza tahadhari nyingine ambazo hazihitaji kibali.

Tahadhari hizo zipo, na nyingine zimeletwa na utangamano wenyewe. Tangu 2015 wateja wa M-Pesa wa Kenya na Tanzania wanaweza kutumiana fedha kuvuka mpaka. Mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, EAPS, uliozinduliwa 2014, unaunganisha benki za nchi wanachama. Makato yanauma, na mchuuzi mdogo huyahesabu shilingi kwa shilingi. Lakini ayalinganishe na gharama ya bastola, ada za kibali, risasi za mazoezi na kozi ya kila mwaka, kwa chombo atakachokiacha nyumbani kila anapovuka.

Serikali nazo zina deni. Zimejenga vituo vya pamoja vya mpakani vyenye mizani na vyumba vya ukaguzi, lakini anayetoka hapo saa mbili usiku na fedha za mauzo bado anategemea bahati. Doria kwenye barabara za kutoka mpakani siku za soko, makato nafuu ya kutuma fedha, na dawati la polisi wa nchi mbili la kupokea taarifa za wizi vingewafikia wafanyabiashara wengi kuliko vibali vyote vya bastola vitakavyotolewa. Vyama vya wafanyabiashara vinavyokutana na maofisa wa mipaka vina nafasi ya kuyadai hayo kwenye kikao kijacho.