Barua ya wazi kwa Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani: Pimeni na kimo cha gari

Afande Kamanda,

Mimi ni fundi gereji wa Bungu, Wilaya ya Kibiti. Kazi hii nimeifanya miaka mingi kando ya Barabara ya Kilwa, karibu na pale inapochepuka njia ya kwenda Nyamisati, kwenye gati la boti za Mafia na za vijiji vya delta ya Rufiji. Nakuandikia kwa ajili ya gari dogo moja ambalo nililiinua kwa mikono yangu, nalo likapinduka.

Lilikuwa Toyota IST. Mwenye nalo alikuwa akichukua abiria wanaoshuka boti na kuwaleta barabara kuu: wagonjwa, wajawazito, wachuuzi wa samaki. Njia ile ina mashimo na makorongo, na masika inageuka tope. Chini ya gari kulikuwa kunagonga kila siku. Akaja akaniambia, "Fundi, ninyanyulie." Nikamfungia spesa, vile vipande vya kuinulia gari, juu ya shokapu za mbele na kwenye springi za nyuma, nikamtafutia na tairi kubwa kidogo kuliko za kiwandani. Gari likasimama, likapendeza. Alinilipa, akaniombea dua.

Haikupita miezi mingi. Alikuwa anatoka gatini, abiria wamejaa, juu ya keria kuna matenga ya samaki. Ndama akachomoka kichakani. Dereva akakata usukani kulia kumkwepa, kisha akaurudisha kushoto kwa nguvu. Tairi za kushoto zikatoka njiani zikaingia mchangani. Waliokuwepo wanasema gari halikuwa na mwendo wa kutisha. Lilibinuka tu, kama mtu aliyejikwaa. Dereva alikuwa na mkanda, akatoka kwa miguu yake. Mama mmoja aliyekaa nyuma bila mkanda alirushwa nje kupitia dirishani. Tulimzika kesho yake baada ya adhuhuri.

Gari lililetwa gerejini kwangu. Kila mtu alisema ni ndama, wengine wakasema ni dereva. Mimi nilikuwa natazama zile spesa.

Tangu siku hiyo nimejisomea jambo hili kwa bidii kuliko nilivyosomea ufundi wenyewe. Hesabu yake haihitaji chuo. Chukua upana wa kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia, ugawe nusu. Kisha hiyo nusu igawe kwa kimo cha kituo cha uzito wa gari kutoka ardhini. Jibu likiwa dogo, gari ni jepesi kupinduka. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, hutumia hesabu hiyo, na kuanzia mwaka 2001 imekuwa ikiwatangazia wanunuzi daraja la gari nyingi. Kwa maelezo yao, gari za kawaida za chini hupata kati ya 1.30 na 1.50, ilhali gari ndefu kama jeep na pikapu huwa kati ya 1.00 na 1.30.

Sasa tuseme gari dogo lina sentimita 145 kati ya tairi na tairi, na kituo chake cha uzito kiko sentimita 55 juu ya ardhi. Nusu ya 145 ni 72.5. Ukigawa kwa 55 unapata karibu 1.32. Funga spesa, weka tairi kubwa, pandisha matenga juu ya keria, kituo kile kikafika sentimita 60: unabaki na 1.21. Gari ni lilelile, na kadi yake ni ileile, lakini sasa linasimama kama gari refu, na dereva hajui. Mkononi mwake usukani haujabadilika.

Kwenye lami kavu, gari dogo likizidiwa kwa kawaida huteleza kabla ya kupinduka, kwa sababu tairi huachia. Kinacholipindua hasa ni kitu kinacholikamata tairi kwa ubavu: ukingo wa lami uliokatika, mtaro, mchanga laini. Nani anayeijua Kibiti asiujue mchanga wake? Kutoka Jaribu Mpakani hadi Ikwiriri na Daraja la Mkapa, ukitoka barabarani hatua moja umekanyaga mchanga. Na ng'ombe siku hizi ni wengi Rufiji na Kibiti, wanakatiza asubuhi wakienda malishoni na jioni wakirudi. Dereva wetu anakwepa kila siku, na hakuna aliyemfundisha kukwepa.

Hili halikuanzia kwetu. Oktoba 1997 waandishi wa jarida la magari la Sweden, Teknikens Värld, walilijaribu gari dogo jipya la Mercedes-Benz, A-Class. Jaribio lenyewe ni kukwepa kitu cha ghafla na kurudi upande wako, kwa sababu misitu ya kwao ina mnyama mkubwa anayekatiza barabara kama ng'ombe wetu. Gari lilipinduka, mwendo ukiwa kama kilomita 60 kwa saa. Kiwanda kilisimamisha kulipeleka kwa wateja, kikarekebisha springi na tairi, kikaongeza mfumo wa kielektroniki wa kulizuia gari lisipoteze mwelekeo. Kampuni kubwa kiasi kile ilikubali kuwa gari lake linahitaji kurekebishwa. IST za mwanzo, zile za 2002 hadi 2007 zilizojaa barabarani kwetu, zilitengenezwa kabla Japani haijaufanya mfumo huo kuwa wa lazima. Na sisi mafundi tunaziinua.

Hata wanaoendesha gari kwa mchezo wanaliogopa jambo hili. Kuna shindano liitwalo autokrosi, ambapo gari moja moja huzungushwa kati ya koni uwanjani. Chama cha SCCA cha Marekani, kinachoendesha shindano la namna hiyo, hulinganisha kimo cha gari na upana wa miguu yake kabla ya kuliruhusu kuingia, na gari refu jembamba huambiwa libaki nje. Hapo dereva yuko peke yake, amevaa kofia ngumu. Hana wajawazito kiti cha nyuma.

Afande, askari wako wanapokagua gari kwa ajili ya stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama hutazama taa, breki, tairi, wipa. Naomba waongeze futi kamba. Wapime kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, walinganishe na kipimo cha kiwandani. Wachungulie na nyuma ya tairi: spesa inaonekana kwa tochi ndogo tu. Gari la abiria lililoinuliwa lisipewe stika mpaka lirudishwe, na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, wasilipatie leseni. Mizigo mizito ishuke kwenye keria, ikae chini ndani ya buti. Na mkanda uvaliwe na kila abiria, nyuma kama mbele.

Najua dereva atasema njia ya Nyamisati haipitiki bila kuinua. Anasema kweli, na kwa hilo nitawaandikia wenye barabara barua yao. Lakini njia mbovu ina jibu lingine, nalo ni gari lililotengenezwa likiwa juu na likiwa pana, au mwendo wa pole.

Naomba pia siku moja tu ya mafunzo. Mtupe askari mmoja anayejua, uwanja wa mpira, na ndoo za plastiki mahali pa koni. Madereva wajifunze, kwa mwendo mdogo na bila abiria, kushika breki wakiwa wamenyooka, na tairi likishatoka lami wasiurudishe usukani kwa pupa, bali wapunguze mwendo kwanza.

Spesa nilizobaki nazo nimeziweka kwenye ndoo, sijazifunga tena. Lakini wateja niliowafungia zamani bado wako barabarani, na baadhi yao nawaona wakipita hapa mbele kila asubuhi wakielekea gatini. Nimeandika orodha ya gari zote ninazozikumbuka. Nikiwaita wazilete nizishushe, wanasema hawajaambiwa na trafiki.

Mwananchi wako,
Fundi gereji, Bungu